Ugali, Mboga, Chai

Salina alipiga simu nikiwa dukani, nimeinama juu ya spika ya mteja, bisibisi mdomoni. Alisema Kiptoo, mume wake, ametuacha, kwamba ile sukari hatimaye imemshinda, na kwamba watamzika Jumamosi nyumbani kwao Kesses. Halafu, kabla sijapata neno la kumfariji, akaongeza jambo. "Shemeji, mzee aliacha amesema ukuje na bass. Usikuje mikono mitupu." Nikamjibu kwamba nitakuja na gitaa langu la besi. Simu ilipokatika nilikalia kreti la soda ninalowawekea wateja, na nitasema ukweli: kilichonipata kwanza hakikuwa huzuni. Ilikuwa aibu, ile ile ya zamani, iliyonipanda kutoka tumboni mpaka masikioni kana kwamba jambo lenyewe lilitokea jana. Nimezeeka nayo. Mke wangu amezoea kwamba tukialikwa uzinduzi wa albamu ya mtu, mimi hupatwa na kazi ya ghafla dukani, na ameacha kuuliza kwa nini. Kiptoo peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu alikuwa nyuma yangu siku hiyo, amekalia kiti cha dramu, na ndiye aliyeniokoa. Kuna watu ambao ni vigumu kuwasamehe, na wa kwanza kwenye orodha hiyo ni yule aliyekuokoa mbele ya watu.

Nilikotoka na walionizaa hawahusiki hapa. Habari inaanzia mtaani Huruma, kwenye chumba nilichopanga mwaka ule nilipoamua kwamba nimechoka kuwa mpiga besi wa watu wengine. Kilikuwa chumba cha mabati. Ndani nilikuwa nimebandika katoni za mayai ukutani ili sauti isiwasumbue majirani, na hazikusaidia chochote isipokuwa kuwafurahisha mende. Upande mmoja kulikuwa na fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Kila alipogusisha chuma kwa chuma, taa yangu ilififia na amplifaya ikanguruma yenyewe, kwa hiyo tulijifunza kufanya mazoezi anapopima na kupumzika anapochoma. Upande wa pili, mabati kwa mabati na kitanda changu, kulikuwa na kibanda cha chakula cha Mama Rasoa. Alikuwa mama wa makamo aliyetoka upande wa Bungoma, mnene, mwepesi wa miguu, aliyewalisha mafundi wote wa mtaa ule. Mafundi waliagiza kule mbele, yeye akapaza sauti kwa msichana aliyekuwa jikoni nyuma, na sauti hiyo ilipita kwenye mabati yangu tangu asubuhi. Aliniita Muziki. Siku ambazo alisikia gitaa tu wala hakusikia sufuria, alinipitishia sahani dirishani bila kusema neno, na sahani ikirudi haijamalizwa alisema maneno mengi.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa vipande vipande. Ijumaa nilipiga muziki wa benga na kundi moja la wazee kwenye baa, ambako besi ndiyo inayokimbia mbele na wengine wote wanaifuata, na wazee hao walinifundisha kwamba kidole kikichoka unabadilisha kidole, husimamishi wimbo. Jumapili nilipiga kanisani. Katikati ya wiki nilikuwa studio moja ya mjini, nyuma ya duka la simu, nikiwapigia besi waimbaji wa injili wa Kikalenjin, maana wateja waliotaka besi ya mkono badala ya ile ya kinanda walijiona wa daraja la juu. Mwenye studio hakunilipa pesa, alinilipa kwa masaa: nikimpigia nyimbo za watu, ananiachia mitambo nirekodi zangu. Na Alhamisi nilipanda mpaka chuoni Chepkoilel kupiga na wanafunzi fulani waliopenda rock, vijana wa nywele nyingi na maneno mengi zaidi, ambao ndio walionifungua macho kuhusu ugonjwa wangu. Ugonjwa wenyewe niliupata sokoni, kwenye marobota ya mitumba. Muuzaji mmoja alikuwa na sanduku la sidi zisizo na majalada, nikachukua kadhaa kwa kuangalia tu zile zisizo na mikwaruzo. Nyimbo zilikuwa ndefu kama mahubiri. Mdundo ulikuwa unabadilika katikati ya mstari, na besi haikuwa imekaa chini kushikilia nyumba, ilikuwa inazungumza. Wanafunzi wakaniambia hiyo inaitwa progressive. Niliwasikiliza watu wale nisiojua majina yao mpaka sidi zikaisha nguvu, na nikaanza kuamini kwamba huko ndiko kwetu.

Hivyo ndivyo albamu yangu ilivyozaliwa, albamu ya besi, peke yangu mbele, bila mwimbaji. Mwenye studio alikuwa mtu mwema na alivumilia. Tulipomaliza wimbo wa kwanza alivua visikilizio, akanitazama kwa huruma, akaniuliza sasa wimbo wenyewe utaanza saa ngapi. Nilicheka naye, lakini moyoni nilimweka kwenye kundi la watu wasioelewa. Nilikuwa nimeanza kuwa na kundi hilo na lilikuwa linakua haraka. Leo nikijisikiliza nilivyokuwa nikiongea na wanafunzi wa Chepkoilel, nikitaja "saba kwa nane" kila baada ya sentensi mbili, nataka kuzima hiyo redio.

Wimbo mkubwa wa albamu ulikuwa wa saba kwa nane hiyo, yaani mapigo saba kila mzunguko. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kwaya anajua kuhesabu manne, na Kiptoo alikulia kwenye kwaya. Alikuwa karani kwenye duka la mbegu, mrefu, mtaratibu, mwenye mikono mizito ambayo ungedhani haiwezi kupiga dramu mpaka uione ikifanya kazi. Jumamosi mchana alikuja chumbani kwangu na fimbo zake, akapiga juu ya debe la mafuta na vifuniko vya sufuria, kwa maana dramu zenyewe zilikuwa za kanisa. Kwenye ule wimbo alipotea. Kila mara alifika kwenye saba akaongeza la nane kwa heshima, kama mtu anayekusindikiza mpaka getini. Nilimkaripia. Nilimwandikia nambari kwenye katoni za ukutani. Siku moja tulikuwa tumekaa kitandani tumenuna, fundi anachomelea, hatuwezi kupiga, na kule ng'ambo ya mabati Mama Rasoa akapokea mteja na kupaza sauti jikoni kama alivyofanya kila siku: "Ugali, mboga, chai!" Mteja mwingine akaja, naye akataka hivyo hivyo. "Ugali, mboga, chai!" Kiptoo akainua kichwa. Akaanza kugonga goti lake polepole, midomo ikicheza. U-ga-li, mbo-ga, cha-i. Tatu, mbili, mbili. Fundi alipozima moto wake, Kiptoo alichukua fimbo akapiga ule wimbo mwanzo mpaka mwisho bila kupotea hata mara moja, anatabasamu peke yake, na tangu siku hiyo hakuhesabu tena. Alikuwa anaagiza chakula.

Nilifurahi kwamba sasa anaweza. Lakini nitasema lile lililokuwa chini ya furaha: sikupenda njia aliyopitia. Nilikuwa nimesikiliza sidi zile miezi na miezi, nimeumiza kichwa, halafu kumbe jambo lenyewe lilikuwa linapigiwa kelele na mama wa kibanda tangu nilipohamia. Kwenye jalada la albamu niliandika "saba kwa nane". Wanafunzi walipouliza jinsi mpiga dramu wangu alivyoweza, niliwaambia ni mazoezi.

Uzinduzi tuliufanya kwenye ukumbi wa kanisa nililopigia Jumapili. Hapo ndipo kosa lilipolala, na halikuwa la mtu mmoja. Kwa mji wetu, kijana anayepiga besi kanisani akisema ana albamu, hakuna anayeuliza ni ya nini. Mchungaji aliposikia alifurahi, akanipa ukumbi, akatangaza madhabahuni, na mimi sikuona haja ya kueleza kwamba albamu haina neno hata moja la Mungu wala la binadamu. Nilidhani muziki utajieleza. Kina mama wa kanisa, kama ilivyo kawaida ya uzinduzi, walijipanga kunisindikiza kwa kucheza. Mama Rasoa, ambaye hata hakuwa wa kanisa lile, alijiunga nao, akafunga kibanda chake nusu siku, na wote wakashonesha sare ya kitenge cha buluu kwa ajili yangu. Wiki ile Kiptoo aliona vile vitenge kwa fundi wa nguo akaja chumbani moja kwa moja kutoka kazini.

"Barasa, hawa mamaz watacheza aje hii kitu?"

Nilimwambia wataisikia tu.

"Hawataisikia. Hata mimi sikuisikia. Wacha tuwaambie ile ya chakula. Mama Rasoa asimame mbele na mic, aite tu vile huwa anaita. Watashika."

Nilimwambia siwezi kuzindua albamu kwa menyu ya kibanda, wanafunzi wa chuo watakuwepo, itakuwa aibu. Hakubishana. Kiptoo hakuwa mtu wa kubishana. Alikula chakula chake, akaosha mikono, akaenda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Mchungaji na wazee wa kanisa waliweka mikono juu ya katoni za sidi wakaziombea, wakaomba kila nyumba ambamo albamu hii itasikika ivunjwe minyororo. Nilisimama nimeinamisha kichwa, gitaa begani, na hapo ndipo nilipoanza kuhisi jasho. Mwendesha sherehe akanikaribisha. Nikaanza ule wa mapigo saba, kwa sababu ndio niliojivunia. Kina mama walipiga vigelegele wakainuka kutoka nyuma kwa mstari, buluu tupu, leso mikononi, Mama Rasoa wa tatu, uso umeng'aa. Wakapiga hatua. Kulia, kushoto, kulia, na mguu uliofuata haukukuta mahali pa kukanyaga. Wakasimama, wakaanza tena. Wa mbele alikwenda huku, wa nyuma akaenda kule, wawili wakagongana. Makofi ya ukumbi yalianza kwa nguvu, yakatawanyika kila mtu na lake, yakazima. Nilikuwa na macho wazi na niliyaona yote. Mama Rasoa alikuwa ameuma mdomo, anaitazama miguu yangu kana kwamba jibu liko kwenye viatu vyangu. Alikuwa anashindwa kucheza sauti yake mwenyewe. Nilijua, na nilikuwa na mikrofoni hapo karibu na kidevu, na niliendelea kupiga, kwa sababu nilikuwa nimeganda. Wimbo ule ni mrefu. Kina mama walirudi wakakaa kabla haujafika nusu, na ukumbi mzima ukanisikiliza kwa adabu, na adabu ya ukumbi uliojaa sijui niifananishe na nini.

Nilipomaliza, mwendesha sherehe alichukua mikrofoni, akatabasamu kwa upole wa kweli. "Tunamshukuru ndugu yetu, sasa amemaliza kupima mitambo. Mitambo iko sawa? Amina. Sasa tuko tayari kwa wimbo wa kwanza."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Wanafunzi wa Chepkoilel, waliokaa mstari wa nyuma, walicheka, kisha nao wakatazama chini. Vidole vilikuwa juu ya nyuzi na havikujua pa kwenda. Ndipo nikasikia nyuma yangu Kiptoo akigonga fimbo zake mara nne, wazi, polepole, na kuanza pambio ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Vidole vyangu vikafuata vyenyewe. Kina mama wakaruka. Walikuja mbele wakanizunguka, wakanifuta jasho kwa leso, na tulipiga mapambio mpaka tukafunga, hakuna wimbo mwingine hata mmoja wa albamu uliosikika. Ilikuwa, watu walisema, uzinduzi mzuri sana. Watu walinishika mkono mlangoni. Nilitamani wanitukane.

Jioni ile Kiptoo alinisaidia kubeba vitu mpaka chumbani. Alikalia debe lake la mafuta. Alisema taratibu kwamba tungewaambia ile ya chakula. Nilimjibu kwamba ingekuwa aibu. Akanitazama kidogo, bila ubaya. "Na hii yenye tumepata, hii ni nini?" Nilimwambia aende nyumbani. Maneno mengine niliyomwambia kuhusu kuniharibia albamu kwa mapambio siyarudii, ila aliyasikiliza yote akiwa amesimama mlangoni na fimbo zake.

Lakini si hayo yaliyobaki nami. Kilichobaki kilikuja asubuhi iliyofuata, nikiwa bado kitandani, sijafungua mlango. Kwenye mfereji wa plot wanawake walikuwa wanateka maji, na mmoja aliyekuwa ukumbini alikuwa anasimulia, anacheka, anasema yule kijana wa mziki amewaaibisha kweli kweli. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Kisha sauti ya Mama Rasoa, ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo.

"Si yeye. Mtoto ametupigia mziki, ni sisi tumeshindwa kucheza. Sisi ndio tumemuaibisha mbele ya wasomi wake."

Baada ya hapo alirudi kibandani, na haukupita muda mteja wa kwanza akaja, na yeye akaita, kama kila siku, "Ugali, mboga, chai." Kulikuwa na mabati tu kati yetu. Ningegonga. Ningetoka na gitaa hata bila shati, nikamwambia Mama, sikiliza, ni hii hii, ni wewe. Nilivuta blanketi mpaka kichwani. Nimewahi kuona aibu kwa mambo mengine maishani, lakini nyingine zote zina kisingizio.

Mwezi uliofuata nilihama. Katoni za sidi nilimwachia Kiptoo kwa sababu sikutaka kuziona, nikamwambia azitumie kufukuzia ndege shambani, na alichukua bila kucheka. Mama Rasoa alirudi kwao baadaye na nilisikia kwa watu kwamba alifariki. Mimi niliendelea na besi za watu: harusi, mazishi, studio, kwaya, kundi la wazee mpaka wazee wakaisha. Nilifungua duka la kutengeneza spika. Zile kazi za pembeni ndizo zilizokuwa maisha yangu, na zimenilisha vizuri, na ile moja niliyoiita yangu sikuigusa tena. Kiptoo naye aliacha ukarani, akaenda kulima Kesses, akaoa Salina. Tulionana kwenye shughuli za watu. Alinialika kwake mara nyingi, nikawa na kazi ya ghafla mara nyingi. Hakuwahi kuitaja siku ile.

Jumamosi nilifika Kesses na gitaa na amplifaya ndogo ya betri. Hema lilikuwa limejaa, matope ya mvua ya usiku yamefunikwa na maranda, jeneza likiwa mbele na kofia yake ya shamba juu yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mapambio. Niliketi karibu na kwaya ya kina mama wa kanisa lao, sare ya kijani, wengi wao wanawake wa umri wangu wenye mikono ya kukamua ng'ombe, na Salina katikati yao, kwa maana alikataa kukaa na wafiwa wakati kwaya inaimba. Aliniinamia akaniambia kuna wimbo ambao mzee alisema usiimbwe bila mimi. Nikauliza ni upi. Akasema, "Wako."

Walianza kwa makofi tu. Nilidhani wamekosea. Nilitega sikio nikingoja yakae sawa, na hayakukaa, yalizidi kuchechemea, na miguu ikaingia, safu nzima, viatu vya mpira kwenye maranda, wote mahali pamoja, bila hata mmoja kujikwaa. Juu yake waliweka maneno ya Kikalenjin, wimbo wa shukrani ya mavuno, na chini ya maneno hayo niliitambua sauti ya besi yangu, ile niliyoitunga kitandani Huruma, wamegawana wanaiimba kwa vinywa. Baadaye Salina aliniambia huo ndio wimbo wao wa mavuno, kwamba hakuna mama wa kanisa lile asiyeujua, na kwamba mzee aliwafundisha kwa zile sidi. Wakati ule sikujua lolote. Nilijua tu kwamba inabidi niingie, watu wananitazama, na nikaingia.

Niliingia vibaya. Nilihesabu, na vidole vyangu, baada ya miaka yote hiyo ya mapambio, viliongeza la nane. Noti yangu ilianguka peke yake nje ya wimbo na hema zima likaisikia. Nikaacha. Nikajaribu tena, nikakosa tena, kwenye wimbo wangu mwenyewe, mbele ya jeneza la mtu aliyenitunzia. Ile aibu ilinipanda kama kawaida yake. Kina mama hawakusimama wala hawakurudi kukaa. Waliendelea kunichezea, wananingoja, kana kwamba wimbo ni mrefu na hakuna haraka. Niliinua macho nikamwona Salina ananitazama, machozi yanatiririka, midomo yake haisemi maneno ya mavuno kama wenzake. Inasema kitu kingine, polepole, kwa ajili yangu, vile alivyofundishwa na mumewe, sauti ya mama wa Huruma ambaye yeye hakuwahi kumwona.

Nikaacha kuhesabu. Nikangoja chai ipite, nikaingia kwenye ugali.